Kabla ya kisu, pimeni na akili ya mgonjwa

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa anayesubiri upasuaji mkubwa, zipo taarifa utakazopewa hata bila kuuliza. Utaambiwa kundi lake la damu, presha iko ngapi, sukari ikoje na figo zinafanyaje kazi. Akishatoka chumba cha upasuaji utaambiwa kidonda kinaendeleaje, mkojo unatoka kiasi gani na lini ataanza uji. Lakini kuna kiungo kimoja ambacho mara nyingi hakuna anayekupa habari zake, si kabla wala baada. Kiungo hicho ni ubongo.

Chukua mfano wa mzee wa Butiama aliyeteleza akitoka zizini, akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Daktari anatoka na kuwaambia ndugu kwamba kazi imekwenda vizuri, na ni kweli imekwenda vizuri. Usiku wa pili mzee anaanza kumwita binti yake kwa jina la dada aliyefariki zamani. Anataka kushuka kitandani akafungulie ng'ombe. Asubuhi ametulia, jioni amerudia. Mwingine hapigi kelele wala hang'oi mpira wa dripu. Analala tu, ukimsemesha anakutazama bila kujibu, na wodi nzima inamsifu kwa utulivu. Huyu wa kimya ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Ndugu hapo huwa na majibu matatu. La kwanza, dawa ya usingizi haijaisha mwilini. La pili, ni uzee. La tatu halisemwi kwa sauti: amefanyiwa kitu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua jibu hili la tatu linaweza kufika wapi. Bibi wengi wamepoteza maisha kwa sababu mtu wa nyumba ya jirani aliugua ugonjwa usioeleweka. Ndiyo maana nasema suala la ubongo baada ya upasuaji si la madaktari peke yao.

Ubongo unaweza kuumia bila dalili

Upasuaji mkubwa ni mtikisiko kwa mwili mzima. Presha inaweza kushuka, oksijeni ikapungua, damu ikapotea, kipande kidogo cha damu iliyoganda kikasafiri hadi kichwani. Mwili wenyewe, katika kupambana na jeraha, huwasha moto wa ndani ambao unaweza kuufikia ubongo. Neva za mkono au mguu nazo zinaweza kubanwa kwa namna mgonjwa alivyolazwa mezani kwa saa nyingi. Katika upasuaji wa mshipa mkuu wa damu, uti wa mgongo unaweza kukosa damu ya kutosha.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioitwa NeuroVISION, ulioratibiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada na kufanyika katika nchi tisa. Walifuatilia watu 1,114 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo, wakawapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Watu 78, karibu mmoja katika kila 14, walikutwa na kiharusi ambacho hakuna aliyekiona. Mdomo haukupinda, mkono haukulegea. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 42 ya waliopata kiharusi hicho cha kimya walikuwa wameshuka kiakili, ikilinganishwa na asilimia 29 ya wale ambao hawakukipata.

Tazama hiyo asilimia 29 pia. Hata wasiokutwa na kiharusi, wengi walishuka. Sababu ni nyingi, na si zote zinaonekana kwenye picha. Isitoshe, MRI ni mashine ghali, na huwezi kumwingiza kila mgonjwa wa nyonga au tumbo kila baada ya siku mbili. Ndipo wanasayansi walipogeukia damu.

Protini zinazovuja

Wengi tunajua kipimo cha troponini. Misuli ya moyo ikiumia, protini hiyo huvuja na kuingia kwenye damu, na daktari hujua moyo umepata shida hata kama mgonjwa hajashika kifua. Wazo la ubongo ni hilo hilo. Seli za neva zina protini zake. Seli ikiumia au kufa, protini humwagika, na kiasi kidogo hufika kwenye damu.

Zipo kadhaa. Tau hushikilia njia za usafirishaji ndani ya seli ya neva. Nyurofilamenti nyepesi ni kama nondo zinazoipa nguvu nyuzi ndefu ya neva. GFAP hutoka kwenye seli zinazoihudumia na kuilinda neva. Zipo pia UCH-L1, S100B na NSE. Kiasi kinachopatikana ni kidogo mno, kwa baadhi yake ni sehemu za trilioni moja ya gramu katika mililita moja ya damu, na ni mashine za miaka ya karibuni tu zilizowezesha kukisoma bila kumchoma mgonjwa sindano ya uti wa mgongo.

Mwaka 2018, Lis Evered na wenzake wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Saa sita baada ya upasuaji, tau kwenye damu ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 257. Baada ya saa 48, nyurofilamenti nyepesi ilikuwa imepanda kwa asilimia 67. Ni watu wachache, na kupanda kwa protini si sawa na kusema kila mmoja aliharibika. Lakini utafiti ule ulionyesha kwamba mfumo wa fahamu haupiti salama kila mara kwa sababu tu mgonjwa ameamka na kuomba maji.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Hapa hapa kwenye Ziwa letu, upande wa pili, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, watafiti wa Uganda na Marekani walikusanya damu za watoto waliougua malaria kali kati ya mwaka 2008 na 2015. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto wenye malaria ya ubongo walikuwa na tau nyingi kwenye damu, na waliokuwa na kiwango cha juu walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, au ya kubaki na upungufu wa akili waliponusurika. Ni ugonjwa mwingine, lakini protini ni ile ile. Damu ya mtoto wa Kampala ilieleza jambo ambalo jicho la daktari lisingeliona.

Kipimo kinaweza kudanganya

Sasa nikueleze upande ambao wauzaji wa mashine hawatautanguliza.

Nyurofilamenti huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Mzee wa miaka 75 mwenye afya njema anaweza kuwa nayo nyingi kuliko kijana aliyeumia. Huongezeka pia kwa mwenye figo dhaifu. Na kwa kuwa iko kwenye neva zote, ikipanda haikwambii kama kilichoumia ni ubongo, uti wa mgongo au neva ya mguu.

S100B nayo iko pia kwenye mafuta ya mwili, hivyo kifua kikipasuliwa inaweza kupanda bila ubongo kuguswa. NSE imo ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chembe hizo zikipasuka, majibu yanakuja ya uongo. Fikiria sampuli iliyochukuliwa vibaya Bunda, ikakaa kwenye joto, kisha ikatikiswa barabarani zaidi ya kilomita 100 hadi Mwanza. Majibu yake yanaweza kumtisha mtu bure.

Ndiyo maana nchi zilizotangulia zinaenda taratibu. NSE inatumika Ulaya kwa wagonjwa ambao moyo ulisimama wakafufuliwa lakini hawajaamka. Mwongozo wa mwaka 2021 unataja kiwango cha zaidi ya mikrogramu 60 kwa lita baada ya saa 48 hadi 72 kuwa ishara mbaya, lakini unakataza kukitegemea peke yake. Marekani iliidhinisha kipimo cha GFAP na UCH-L1 mwaka 2018 kwa watu wazima walioumia kichwa, ili kujua nani anahitaji picha ya CT-Scan. Mwaka 2024 ikaidhinisha kifaa kinachotumia damu isiyochujwa na kutoa majibu kando ya kitanda kwa takriban dakika 15. Kwa mkoa wenye bodaboda nyingi kama wetu, nadhani kifaa cha aina hiyo kitaingia kwanza kwa mlango wa ajali, na itakuwa sawa. Ila ajali ya kichwa ni habari moja, na ubongo wa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ni habari nyingine. Ruhusa ya kwanza si ruhusa ya pili.

Bila kipimo cha kabla, cha baada hakisemi kitu

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, ndugu msomaji. Udhaifu wote niliouorodhesha unaelekea kwenye somo moja. Namba ya protini baada ya upasuaji ina maana pale tu unapojua ilikuwa ngapi kabla. Wale wagonjwa 30 wa Melbourne walieleweka kwa sababu walichukuliwa damu kabla ya kuguswa na kisu. Bila hiyo, hakuna ambaye angejua asilimia 257 ni ya nini.

Na lililo kweli kwa damu ni kweli kwa akili. Daktari wa zamu anamkuta mzee wa miaka 78 anababaika. Hajawahi kumwona. Je, mzee huyu alikuwa hivi nyumbani, au jana alikuwa anahesabu fedha za samaki bila kukosea hata shilingi? Kama hakuna aliyeandika, daktari atabahatisha, na mara nyingi atabahatisha kwa kusema ni uzee. Kosa la oksijeni, la sukari au la maambukizi litaendelea kula ubongo wakati sisi tunalaumu umri.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla hatujaomba mashine za protini, tuanze kuandika akili ya kila mgonjwa mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea siku moja kabla ya upasuaji mkubwa, kisha tuirudie kila siku baada yake. Haigharimu fedha, na siku mashine zikifika itakuwa msingi wa kuzisoma.

Usiniambie wazee wetu hawakusoma, kwa hiyo hawapimiki. Kipimo kinachowafaa kimetengenezwa Tanzania. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya kutambua ugonjwa wa kusahau kwa wazee, hata wasiojua kusoma na kuandika. Mzee anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji chake ni nani, leo ni siku gani. Anapanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Anasikilizishwa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi. Bibi wa Buhemba ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kufanya yote hayo. Kipimo hiki hakikukusudiwa kutambua kuchanganyikiwa kwa ghafla, ila kinafaa sana kutuambia mtu alikuwaje kabla.

Baada ya upasuaji kuna chombo kingine, 4AT, kilichotoka Edinburgh, Scotland. Hakilipiwi na kinachukua chini ya dakika mbili. Muuguzi anatazama kama mgonjwa yuko macho sawasawa, anamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, kisha anamwomba ataje miezi kuanzia Desemba akirudi nyuma. La mwisho ndilo linalokuhusu wewe: amebadilika ghafla au hali yake inapanda na kushuka? Swali hilo muuguzi anayehudumia wodi nzima hawezi kulijibu peke yake. Anayelijua jibu ni yule aliyelala kwenye mkeka nje ya wodi.

Kujua kunasaidia nini?

Mtu atauliza, ukishajua amechanganyikiwa utamfanyia nini, wakati hakuna kidonge cha kurudisha neva? Ni swali zuri. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliolazwa kwa magonjwa ya kawaida. Nusu yao walipata huduma maalumu: kukumbushwa siku na mahali walipo, kuinuliwa na kutembezwa mapema, kuachwa walale usiku, kuvalishwa miwani yao, kusaidiwa kusikia na kunyweshwa maji ya kutosha. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya asilimia 15 kwa waliopata huduma ya kawaida. Katika orodha hiyo hakuna kinachohitaji kuagizwa kutoka nje.

Kwa aliyekwisha kuchanganyikiwa, kuna mambo ya kutafutwa siku hiyo hiyo: oksijeni, presha, sukari, chumvi za damu, maambukizi, maumivu yasiyotulizwa, mkojo ulioziba, na dawa zinazovuruga akili. Pia pombe. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla kwa sababu ya kulazwa, anaweza kuweweseka vibaya na hata kufa. Usione aibu kumwambia daktari kwamba mzee alikuwa anakunywa gongo. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dharura ya kiharusi. Muite muuguzi dakika hiyo hiyo, usisubiri daktari wa raundi ya asubuhi.

Tunachopaswa kudai

Watu wa Mara tunajua kusubiri. Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa ilianza kujengwa miaka ya 1970, na waliokuwa vijana wakati huo wameanza kutibiwa humo wakiwa wazee. Sasa hospitali ipo, na hao wazee ndio hasa ninaowazungumzia leo.

Kwanza, fomu ya maandalizi ya upasuaji iwe na sehemu ya akili, kama ilivyo na sehemu ya presha. Si lazima tusubiri waraka kutoka Dodoma, kwani mganga mfawidhi na wataalamu wa usingizi wa hospitali yoyote wanaweza kuanza Jumatatu.

Pili, vipimo vya protini vianze kama utafiti kwenye hospitali ya kanda yenye maabara na vitanda vya uangalizi maalumu, na kwetu hiyo ni Bugando. Tujue kwanza viwango vya kawaida vya wazee wetu, wenye presha zetu, malaria zetu na figo zetu. Viwango vya Melbourne visibandikwe kwa mvuvi wa Musoma kana kwamba ni kipimo cha urefu.

Tatu, kabla kipimo chochote cha namna hii hakijaingizwa kwenye mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, waulizwe wahusika swali moja: majibu yakija mabaya, mgonjwa atafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa bila kipimo? Kama jibu halipo, fedha hizo ziende kwenye mashine za oksijeni na wauguzi wa usiku. Kipimo cha haraka cha malaria kilibadilisha zahanati zetu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na dawa mseto. Protini za ubongo zikija bila mpango nyuma yake, zitazalisha hofu na risiti tu.

Na wewe, ndugu msomaji, usisubiri hayo yote. Kama wiki hii unampeleka mzazi kwenye upasuaji, iwe unatoka Kitaji au Kiabakari, chukua daftari usiku wa kuamkia safari. Mwamkie, kaa naye. Muulize leo ni siku gani, mwenyekiti wa mtaa ni nani, aliamka kufanya nini asubuhi. Mwambie ataje wanyama kwa dakika moja, uhesabu. Andika majibu, tarehe na saa. Andika dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, na pombe kama ipo. Weka miwani yake kwenye mfuko. Mkabidhi muuguzi nakala ya karatasi hiyo na umwombe aiweke kwenye faili. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya upasuaji, rudia maswali yale yale, asubuhi na jioni. Ukiona majibu yameporomoka, nenda kwenye meza ya wauguzi ukiwa na daftari mkononi, useme: jana alitaja wanyama kumi na wanne, leo ametaja wawili. Hakuna daktari makini atakayekwambia huo ni uzee, kwa sababu hakuna anayezeeka kwa usiku mmoja.